Neno la Wifi

Mpiga pasi alikuwepo siku neno lile lilipozaliwa. Wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyefua mashuka ya hoteli, naye alikuwa mcheshi asiyeishiwa maneno. Mchana mmoja alitoka chumba cha mashine ameshika kiuno, akaegemea meza ya pasi, akasema, "Wifi, leo nimekamuliwa."

Wote wakacheka. Maneno ya kuchoka walikuwa nayo tele: hoi, taabani, nyang'anyang'a. Lakini hili lilikuwa jipya, tena lao wenyewe. Nani kati yao hakujua shuka linavyotoka kwenye mashine, limejisokota kama kamba, halina hata tone? Mpiga pasi alicheka kuliko wote, akamuuliza ni mashine ipi iliyomtenda hivyo. Wifi akajibu ni zote tatu, kwa zamu.

Wiki haikuisha neno likaenea. Dereva alikamuliwa na foleni. Wapishi walikamuliwa na wageni. Hata msimamizi, ambaye mzigo wake mzito ulikuwa kalamu, akawa anaingia asubuhi na miayo yake, eti amekamuliwa.

Wifi naye aliendelea kulisema, ila sasa bila kucheka. Akipanda ngazi nne, anasimama kupumua. Miguu ilivimba hata viatu vikamkataa, akawa anafanya kazi na kandambili. Mpiga pasi akamshika mkono mpaka kwa daktari. Daktari alisema moyo umetanuka na umedhoofu, asibebe tena nguo mbichi, akampa barua ya kuombewa kazi nyepesi.

Msimamizi aliisoma barua, akaiweka chini ya kikombe chake. Akamuuliza anajisikiaje hasa.

"Nimekamuliwa, bosi," wifi akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa mama, hapa nani hajakamuliwa?"

Alisema kwa wema kabisa, akamwomba avumilie mpaka wageni wapungue.

Mpiga pasi alikuwa mlangoni. Alitaka kusema kwamba mwenzake hatanii. Hapo ndipo alipowaza kwamba labda hata ile mara ya kwanza hakuwa akitania. Walipotoka alimuuliza. Wifi akakiri kuwa siku ile kifua kilimbana mpaka akaona giza. Walipocheka, naye akacheka. Angefanyaje?

Siku ya nne alianguka na kapu la mashuka mikononi. Tangu hapo yuko kitandani, mumewe ndiye anayemgeuza.

Kazini alikuja mfuaji mpya, akauliza neno hili limetoka wapi. Dereva akamwambia ni la siku nyingi, ndivyo watu wa hapa wanavyosema. Mpiga pasi alifungua mdomo, lakini mashuka mengine yalikuwa yameshamwagwa mezani, na msimamizi anamtazama.

Jioni alipitia kwa wifi yake, akakaa pembeni ya kitanda, akawa anamkanda miguu. Kila alipobonyeza kidole, kishimo kilibaki.

"Unajisikiaje leo, wifi?"

Mgonjwa alianza kulisema lile neno lake, akaliacha katikati. Mwishowe akamwomba amfungulie dirisha, hewa iingie.

Mpiga pasi aliinuka, akaenda kusimama pale dirishani. Lilikuwa wazi tangu asubuhi.