Zamu ya Yeruti

Asubuhi ile Yeruti aligoma kuvaa sare.

"Mama, mimi siendi. Wenzangu wanasoma kwenye simu, mimi nasoma migongo yao."

Miaka kumi na miwili tu, na keshaichoka shule! Mirta alimbembeleza mpaka akavaa, lakini maneno yale hayakumtoka akilini hadi alasiri, kwenye mkutano wa wazazi.

Kwa kuwa ndiye mzazi mwenye umri mdogo kuliko wote, kumimina tereré, kinywaji baridi cha majani, ilikuwa kazi yake. Anatia maji ya barafu kwenye kikombe cha pembe chenye majani, anampa mmoja, huyo anafyonza kwa bomba, anarudisha, kisha anapewa mwingine. Anayesema asante ametosheka, hapewi tena.

"Simu zipigwe marufuku!" Bwana Fermín, fundi wa matofali, alikuja juu. "Mwanangu anacheza mpira humo hata kwenye hesabu!"

"Zikiondoka, moyo unavyopiga nitawaonyesha watoto kwa kitu gani?" aliuliza Mwalimu Eulalia. "Maabara yangu ni chaki. Simu ziko tisa, watoto thelathini na mmoja."

Mirta aliinamia jagi lake. Zikibaki, bintiye ataendelea kusoma migongo, na siku moja hatabembelezeka. Zikiondoka, hakuna atakayeuona huo moyo.

Fermín alikuwa bado ananguruma, kikombe mkononi, akikipunga huku na huku.

"We Fermín, hicho si kipaza sauti!" mkewe, Dejesús, alimkemea. "Kunywa urudishe, makoo yametukauka!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mirta akajikuta amesimama. Masomo yake aliyamalizia madarasa ya jioni, Yeruti akisinzia mapajani. Mbele za watu hakuwahi kufungua mdomo.

"Amekishika dakika mbili, mmemjia juu," alisema. "Yeruti wangu anangoja zamu tangu Februari."

Akaliweka jagi chini.

"Simu zikae mezani kwa mwalimu. Somo likizihitaji zitoke, moja kila kikundi, izunguke kama kikombe hiki. Aliyetosheka aseme asante."

"Na atakayeng'ang'ania?" Fermín aliuliza.

"Atazomewa kama wewe, baba watoto!" Dejesús alidakia.

Fermín mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Akafyonza, akarudisha kikombe. "Haya, mama Yeruti. Tujaribu mpaka likizo ya Julai. Ya mwanangu iwe ya kwanza mezani." Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine.

Alhamisi Yeruti alirudi mbio, viatu vyekundu kwa udongo.

"Mama, moyo una vyumba vinne! Nimeuona ukipiga!"

"Na simu umeishika?"

"Zamu tatu." Akajimiminia maji, akanywa yote kwa pumzi moja, akajifuta mdomo kwa mkono wa sare. "Na bado sijasema asante."