Mashati ya Wakubwa

Keith alibakiza siku tano kutimiza miezi tisa. Katika Borstal ile, gereza la kurekebisha wasichana, mtoto akifika miezi tisa huondolewa, mama yake awe amemaliza kifungo au bado. Na kifungo chenyewe hakikuwa na tarehe. Ulitoka siku jopo liliposema umenyooka.

Doreen Pratley, mwizi wa makoti madukani, miaka kumi na tisa, alitakiwa kufika mbele ya jopo Alhamisi. Akipita, atatoka na mwanawe. Akishindwa, Keith atapewa watu wengine. Dosari yake ilikuwa hasira. Alishavunja madirisha mara mbili.

Jumatatu asubuhi alikuwa akipiga pasi mashati ya wakubwa wa gereza, mara Keith akaanza kulia ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha watoto. Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa cha maumivu.

"Madam, nikamtazame?"

Bi Hallam, askari wa zamu, hakuinua macho kwenye ufumaji wake. "Kazi kwanza, Pratley."

"Shoga, mwanao anachinjwa huko!" Beryl, mfungwa mwenzake, alimchokoza kutoka meza ya pili. "Mimi ningeshamtandika Madam na hiyo pasi. Au umeokoka?"

"Funga domo, Beryl."

"Heee! Alhamisi imemtia mtu adabu!"

Doreen alirudisha pasi kwenye shati. Kola, mabega, mikono. Sauti ya Keith ilikauka, ikawa kwikwi, ikanyamaza. Alipomaliza shati la mwisho ndipo aliporuhusiwa, akamkuta mguu umenasa kwenye fito za kitanda, umevimba.

Alhamisi mwenyekiti wa jopo alimsifu. "Bi Hallam anatuambia mwanao alilia nusu saa, nawe hukuinua mkono wala sauti."

"Ndiyo, bwana." Doreen alitabasamu.

Mama mmoja wa jopo, mwenye kofia, aliweka kikombe chake cha chai chini, akaandika kitu. "Nusu saa, binti? Ukaendelea kupiga pasi?"

"Niliambiwa kazi kwanza, Madam."

"Hata ng'ombe huvunja zizi akisikia ndama." Akawageukia wenzake. "Huyu aende zake, amenyooka. Mtoto apewe watu wenye mapenzi. Borstal ni neno lisilofutika. Kwa nini akue nalo?"

Doreen alimgeukia Bi Hallam, aliyesimama mlangoni. "Waambie, Madam. Waambie niliomba!"

"Aliomba," alisema Bi Hallam. "Mara moja tu."

Yule mama akaliandika hilo pia.