Maziwa Yasifike Siagi

Ting. Kisha ting tena. Nilikuwa bado kitandani, gizani, jogoo hajawika, nikajua Ambwene ameanza bila mimi: anadondosha gololi za usukani bakulini, moja moja.

Nilitoka nikijifunga kanga. Pikipiki ilikuwa katikati ya sebule, mbele imeinuliwa juu ya kreti, gurudumu limevuliwa.

"Baba Elina, tulisema tuamke pamoja."

"Ulikuwa unakoroma vizuri, nikakuonea huruma."

Nikoromee wapi, na moyo unanidunda tangu jana? Mama Lugano, mwenye mgahawa Tukuyu mjini, alishatuambia: "Felista mwanangu, naagiza maziwa ya chai, mnaniletea siagi. Mkirudia, natafuta mtu mwingine." Hakukosea. Kwa barabara ya Masukulu, na shokapu za mbele zilizovuja oili yote, maziwa yalisukwasukwa njia nzima, keni ikafika mjini mabonge ya siagi yanaelea.

Basi Ambwene akaenda Mbeya. Siku hizi vipuri vimejaa madukani, huombi kibali cha mtu ili uuziwe kama zamani. Alirudi na gololi, vikombe vya chuma vya kuzikalia, na sili za kuzuia oili ya shokapu.

Tulipaka vikombe grisi, gololi zikanata humo kama punje kwenye gunzi. Tukabadilisha sili, na kwenye oili ya shokapu Ambwene akataka kumimina kwa kukadiria.

"Subiri. Fundi wa Mbeya alikwambia mililita mia na thelathini kila upande."

Nikaleta chupa aliyonyonyea Elina alipokuwa mchanga. Ile mistari yake ya mililita nilikuwa naiona tu kama mapambo, mpaka darasa la jioni la watu wazima liliponifundisha kuisoma. Mia na thelathini huku, mia na thelathini kule.

"Chupa hiyo haitarudi jikoni," Ambwene akasema.

"Mwenyewe ana miaka minne. Hatadai."

Tukarudisha shokapu na gurudumu, naye akakaza nati ya usukani mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Nikausukuma: mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Umekaza kama unamfunga fahali."

"Usije ukalegea njiani."

"Na kona za huku utazikataje? Rudisha kidogo."

Akarudisha. Nikagusa kwa kidole kimoja, usukani ukalala upande wenyewe, taratibu. Tukatazamana kama watu waliookota kitu.

Kulipokucha tulikamua ng'ombe, keni tukaifunga juu ya tangi, Elina katikati yetu. Kwenye shimo la kwanza nilifumba macho. Mbele ikazama, ikarudi polepole, kimya, bila ule mlio wa chuma kugonga chuma. Nikajikuta nampiga Ambwene mgongoni.

"Haigongi, unasikia?"

"Nasikia, mama. Ukiendelea kunipiga tutaingia kwenye migomba."

Mama Lugano hakutusalimia sana. Alifungua keni, akazamisha upawa, akauinua, akayatazama maziwa yakichuruzika. Akazamisha tena, chini kabisa.

Elina akapanda kiti, akachungulia.

"Leo hakuna siagi," akasema.