Mak Onih Hayumo

Saa nane mchana mvua ya mji wa Bogor ilishuka kama kawaida yake, na Mak Onih akavuka ua wa ofisi ya usajili na bakuli mbili za asinan, yale matunda ya siki na pilipili aliyouza getini. Moja ilikuwa ya Wiwin, binti wa kompyuta pale ofisini, nyingine ya bosi wake, Pak Endang. Alikwenda polepole kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu. Alipoingia ndani alikuwa mkavu, na siki kwenye bakuli haikuongezeka hata tone.

Mvua haikumgusa. Kila mtu pale alilijua hilo, na walilitumia ilivyofaa. Makarani walimpa mafaili ayavushe jengo la pili. Bibi harusi mmoja wa mtaani alikwenda msikitini ameng'ang'ania mkono wake, na wanja ukafika salama. Mwenyewe alisema tu kwamba miezi ya joto hutamani kulowa.

Wiwin, mwenye miaka thelathini na moja, ndiye aliyeandika programu ya kutoa namba za wakazi. Programu huokota tarakimu kumi na sita kwa kubahatisha, kisha huiuliza seti ya namba zote zilizokwisha kutolewa: imo? Ikiwa imo, huitupa na kuokota nyingine. Ikiwa haimo, humpa mtu, na kuanzia hapo ni yake peke yake. Mtu akifika dirishani au hospitali, seti huulizwa tena swali hilohilo. Mak Onih hakuwamo. Siku ya kuhesabu watu, nyumba yake ya kando ya reli ilibomolewa alfajiri. Wahesabuji walipofika saa nne hawakukuta mlango wa kubisha.

Mwezi wa pili daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, kote kuwili, na kwamba atapasuliwa akileta namba.

"Leo nakupa, Mak," Wiwin alisema. "Kaa hapo."

Programu ikaokota namba. Imo. Ikaokota nyingine. Imo. Kufikia alasiri zilikuwa zimeokotwa elfu arobaini na moja, zote zina wenyewe; moja ilikuwa ya kichanga aliyezaliwa asubuhi ile. Fundi seremala aliyekuja kwa shida yake alipata namba mara ya kwanza, akashukuru, akaondoka.

"Achana nayo, Neng," Pak Endang alimwambia Wiwin, kama mabinti wanavyoitwa pale. "Hana cheti cha kuzaliwa, hana anwani. Programu inamjua."

"Programu nimeiandika mimi, Pak. Haijui kitu."

"Basi imejifunza kwetu," alisema Pak Endang, akamalizia asinan yake.

Wiwin akaandika namba yake mwenyewe kwenye fomu ya Mak Onih. Seti ikaulizwa: imo? Imo. Haikulalamika. Seti haijali kitu kimetiwa mara ngapi; ukitia kilichomo, hubaki kimoja.

Kesho yake mvua iliwakuta wote wawili uani. Mak Onih alilowa upande wa kulia, Wiwin upande wa kushoto, mstari wa mpaka ukiwa sawasawa katikati ya utosi. Mak Onih alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.

"Baridi, jamani! Kumbe ndiyo hii mnayoikimbia?"

Hospitalini waliita, "Wiwin Karlina, miaka thelathini na moja," na Mak Onih akasimama, na miaka yake sabini. Nesi alitazama karatasi iliyotaja kazi ya kompyuta, akamtazama usoni.

"Hizo kompyuta zinawamaliza," alisema, akamshika mkono akampeleka ndani.

Mwisho wa mwaka idadi ya wakazi haikuongezeka kwa ajili ya Mak Onih hata kwa mtu mmoja. Hapakupatikana namba iliyojirudia, na Pak Endang akapewa cheti cha pongezi kutoka juu. Wiki hiyohiyo watu kumi na mmoja kutoka kando ya reli walipanga foleni uani, mvua ikinyesha, mashati yao makavu. Wiwin aliyaandika majina yao kwenye daftari na kuwaambia wasubiri, kama walivyoambiwa mwaka uliopita. Wakasubiri.

Mak Onih aliingia nyuma ya kaunta na macho yake mapya, akaishika taya ya Wiwin na kuigeuzia kwenye mwanga.

"Kumbe una chunusi kidevuni."

"Mak!"

"Zinakupendeza lakini." Akainamia kioo cha kompyuta, pua nusura iguse. "Na mimi niko wapi humu?"

Wiwin aliweka kidole juu ya jina lake mwenyewe. Mak Onih alilisoma herufi kwa herufi. Kisha akavuta kiti.

"Haya," alisema, "songa kidogo."