Harufu Ndani ya Pijo

Muthoki aliugua tumbo la uzazi kwa muda mrefu bila kumwambia mtu. Alipokuja kusema, ulikuwa ule mwaka wa njaa wa themanini na nne, na daktari wa Nairobi alimweleza mume wake, Musembi, kwamba ni kansa, na kwamba lazima aletwe kila wiki apigwe mionzi. Walijaribu kumpeleka kwa basi la alfajiri linalotoka Mbumbuni. Akazimia kabla ya Machakos. Ikabaki ile gari kuukuu aina ya Pijo ambayo Musembi aliinunua alipostaafu kazi ya kuendesha tingatinga la barabara. Kwa miezi ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, maana petroli ilikuwa shida kupata.

Asubuhi ya safari alitoa turubai, akafungua mlango, na harufu ikampiga usoni. Ilikuwa harufu ya mzoga. Akaangalia chini ya viti, kwenye buti, chini ya boneti. Hakuona kitu. Muda ulikuwa unakwenda, kwa hiyo akashusha vioo vyote na kumlaza mke wake kiti cha nyuma juu ya godoro dogo. Kalunde, binti yao aliyekuwa ametoka kwa mume wake Mbooni kuja kumuuguza mama, akakaa mbele.

Hawakufika mbali. Jua lilipoanza kuchoma bati, harufu ilinenepa mpaka Kalunde akafunga pua kwa leso. Muthoki alitapika uji, akatapika maji, akaendelea kutapika tumbo likiwa tupu. Walipofika Tawa macho yake yalikuwa yamezama, na mikono imekuwa baridi.

"Baba, turudi," Kalunde alisema, akimtazama mama yake. "Mwaitu hatafika."

Musembi aligeuza gari. Mionzi ya wiki ile ikapotea hivyo.

Siku iliyofuata alitoa viti vyote akavipanga uani kwenye jua. Alisugua sakafu kwa Omo, kisha kwa dawa kali ya kuoshea vyoo. Alimwaga majivu, akayaacha yalale, akayafagia. Aliweka makaa kwenye sufuria za zamani ndani ya gari, akapaka ndimu kila mahali mkono ulipofika. Maji ya kazi hiyo yalitoka mbali. Kalunde alikuwa akishuka na punda mpaka mtoni, anachimba mchanga, anakaa kungojea maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Majirani walimwona Musembi akimwaga ndoo nzima kwenye gari wakati mbuzi wao wanakufa kwa kiu. Hawakumsalimia tena kwa moyo mkunjufu.

Nadifa, mke wa mnunuzi wa ng'ombe aliyekuwa na duka pale sokoni, alisikia habari akamtumia ubani.

"Funga madirisha, Mzee Musembi, choma ndani," alimwambia alipopita dukani kushukuru. "Sisi tunafukizia nguo na nyumba. Hata harufu ya ngozi mbichi inatoka."

Alichoma. Kwa nusu siku gari lilinukia kama nyumba ya arusi. Jioni harufu ya mzoga ikarudi, sasa imechanganyika na ubani, na ilikuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo.

Muthoki alikuwa anayaona yote hayo kutoka kwenye mkeka wake kivulini. Mara moja aliuliza, "Na yule paka wangu yuko wapi? Sijamwona tangu nitoke hospitali." Kalunde alimjibu kwamba labda amekwenda kutafuta panya kwa watu, maana hapa hata panya wamehama. Paka huyo wa kijivu alikuwa analala miguuni pake tangu watoto wote waolewe.

Siku moja kabla ya safari nyingine, Musembi alimshika mkono akamwingiza kwenye gari ajaribu. Alikaa kidogo, akafunga macho. Halafu akatoka mwenyewe, akishikilia mlango.

"Baba Kalunde, acha kusumbuka."

"Bado inanuka?"

"Inanuka. Lakini si gari."

"Ni nini basi?"

Muthoki hakumtazama. "Ni mimi. Mnajua ni mimi. Nyinyi mnaosha gari mchana kutwa ili nisione haya. Mwili wangu unaoza, Baba Kalunde. Mimi mwenyewe naisikia usiku."

"Wee! Usiseme hivyo. Iko kitu kimefia ndani ya hii gari."

"Kiko wapi? Umevitoa viti vyote. Umekiona?"

Musembi alimrudisha kwenye mkeka, akaenda kuchukua nyundo, bisibisi na spana zake. Hakuwa anatafuta tena kuondoa harufu; alitaka kitu cha kumwonyesha mke wake. Aling'oa mikeka ya sakafu yote. Aling'oa mbao za milango. Alivunja kile kifuniko cha plastiki chini ya usukani. Kalunde alimwambia polepole kwamba akiendelea hivyo gari halitatembea kesho. Hakumsikia. Mwishowe aliingia nyuma akaingiza bisibisi chini ya ubao laini uliofunika ubavu wa ndani, juu ya gurudumu, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukapasuka. Nzi wakatoka kwa wingi.

"Nimekipata!" Akapiga kelele kama mtu aliyeona mvua. "Mama Kalunde! Njoo uone! Si wewe! Kalunde, mlete mama yako!"

Kalunde alimwinua mama yake, wakaja wakitembea polepole. Musembi alikuwa ameinama kuchungulia penye mwanga mdogo, kati ya bati na bati. Hapo ndipo alipoona manyoya ya kijivu, na kando yake vitu vidogo vinne au vitano vilivyokauka kama soksi. Paka alikuwa ameingia kupitia tundu la kutu chini ya gari akitafuta mahali pa kuzalia. Musembi alijaribu kuusukuma ubao urudi mahali pake, lakini Muthoki alikuwa ameshafika.

Aliinama, akaangalia.

"Ni yeye," alisema.

"Pole, Mama Kalunde."

"Kumbe alikuwa na mimba." Kisha akaomba arudishwe kivulini.

Musembi aliwazika nyuma ya zizi tupu. Alisugua ule ubavu wa gari kwa mchanga na sabuni mpaka vidole vikatoka damu, akaliacha wazi lipigwe na upepo. Kesho yake aliufunga mlango mmoja kwa waya, akarudisha kiti cha dereva na cha nyuma, wakaondoka. Safari ile Muthoki hakutapika. Walifika Nairobi.

Daktari mwingine, kijana, alimpima, akamwita Musembi pembeni. Alisema ugonjwa umepanda, mionzi haitasaidia tena, ampeleke nyumbani ampe dawa za maumivu.

"Ni kwa sababu ya ile wiki tuliyokosa?" Musembi aliuliza.

"Siwezi kusema hivyo, mzee."

"Lakini huwezi kusema sivyo."

Daktari alimwandikia zile dawa za maumivu.

Wakirudi, vumbi lilikuwa jingi baada ya Machakos, na Musembi akapandisha vioo. Gari lilinuka sabuni. Baada ya mwendo fulani akasikia harufu nyingine, tamu tamu, nzito, si ya paka. Ilikuwa inatoka kiti cha nyuma. Kalunde naye aliisikia. Musembi alimwona akigeuza uso dirishani.

"Baba Kalunde," Muthoki aliita. "Mbona kama bado inanuka?"

Musembi alishusha kioo kidogo. "Ni yule paka. Harufu yake imeingia kwenye bati. Hii haitoki siku moja."

"Ni paka?"

"Ni paka, Mama Kalunde. Nitaosha tena."

Asubuhi yake, mkeka wa Muthoki ukiwa karibu na mlango ambapo angeweza kusikia, Musembi alitoa viti uani, akaanza kusugua. Kalunde alirudi kutoka mtoni na punda, amechoka, akasimama kumtazama.

"Baba, hiyo gari imeisha harufu. Unasugua nini?"

"Leta ndoo," alisema, bila kuinua kichwa. "Sugua na wewe. Kwa nguvu, asikie."

Kalunde aliweka debe chini. Maji yale ndiyo yalikuwa ya kupikia. Alichukua kitambaa, akapiga magoti upande wa pili wa gari, wakasugua bati lile safi, asubuhi ile na nyingine zilizofuata, mpaka Muthoki alipofariki, kabla ya mvua za Novemba.