Bisibisi ya Sikio

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna giaboksi iliyotoka karakana ile kabla fundi mkuu hajaigusa kwa ncha ya bisibisi, mpini ukiwa sikioni mwake, na kusema, "Nzima." Ndiyo maana walimwita Sikio. Halafu mdogo wake, ambaye Sikio mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za viatu, akaja na digrii ya kuongoza mitambo ya umeme wa upepo, na ghafla bosi hakuwa na jina jingine mdomoni ila Mtaalamu.

Wivu ulimkaba Sikio, wala hakuna haja ya kumpamba. Alimwonea wivu kwa kiti chake nyuma ya kioo cha chumba cha kompyuta, kwa kalamu zake, hata kwa mama yao aliyeuliza kila jioni, "Mwenzio leo kafanya nini?"

"Kafanya kazi, mama. Na mimi nilikuwepo."

Siku ya jaribio, mota kubwa ilishika nafasi ya upepo, ikazungusha giaboksi na jenereta. Mtaalamu aliwachorea mafundi mstari kwenye karatasi.

"Huu ndio mwendo tunaoutaka," alisema. "Jenereta ikizidi mwendo huo kidogo tu, kompyuta inairudisha kwa nguvu zote. Ikipungua, inaisukuma kwa nguvu zote. Basi inateleza juu ya mstari, upepo uvume utakavyo. Ubaya wake ni mtetemo, unakula meno ya giaboksi. Kwa hiyo kandokando ya mstari naweka ukanda, humo kompyuta inasukuma taratibu. Ukanda mpana, hakuna mtetemo, lakini jenereta inalegea. Mwembamba, inashika mstari barabara, ila mtetemo unaweza kurudi."

"Sikio, siku hizi kompyuta ndiyo inayosikiliza," mchomeleaji akatania. Watu wakacheka. Mdogo wake naye akacheka, na hilo ndilo lililomchoma.

Saa nne bisibisi ikamletea sauti nyembamba, trrr, trrr, kama kokoto ndani ya kopo. Meno yalikuwa yanagongana. Nyuma ya kioo, mdogo wake aliinua kidole gumba kuuliza. Sikio akainua cha kwake. Iharibike, alijiambia, bosi ajionee. Kila nusu saa aliulizwa, na kila nusu saa alijibu vilevile.

Saa saba aliingia chumba cha kioo kuchukua chai. Mtaalamu alikuwa ametoka kumwita bosi. Mezani palikuwa na fomu ya jaribio, kwa mwandiko wa mdogo wake, ule ule wa utotoni: "Ukanda nimeubana kuliko inavyoshauriwa. Vipimo vya mtetemo sikufunga. Giaboksi anaisikiliza dada. Ikianza kutetemeka, atajua kabla ya chombo chochote."

Akaweka kikombe mezani. Akabonyeza kitufe chekundu, na mota ikaanza kupunguza mwendo. Mdogo wake akaingia mbio, bosi nyuma yake.

"Dada, kuna nini?"

"Inatetemeka. Meno yanalika."

Mtaalamu akamgeukia bosi, uso umemchangamka. "Si nilikwambia? Hakuna chombo kinachomfikia dada. Imeanza sasa hivi tu, naye keshaisikia!"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi, na aliyemfungulia ni mdogo wake mwenyewe. Sikio akaitazama bisibisi mkononi mwake.

"Tangu saa nne," akasema.