Nguruwe Ambaye Hakuanguka

Obiero alipofika kwa mzee Angwenyi akiwa na bunduki begani, Kemuma ndiye aliyeitwa kuwa mkalimani, ingawa hapakuwa na mtu katika boma lile aliyependa kuzungumza kidogo kuliko yeye. Obiero alitoka upande wa ziwa na hakujua Kigusii. Mzee Angwenyi hakujua Kiswahili. Kemuma alikuwa amesoma kwa wamisheni hadi darasa la nne, kabla hajatolewa shuleni akawalee wadogo zake.

Shida ni kwamba mzee Angwenyi alikuwa baba mkwe wake, na yeye alikuwa ameolewa miezi mitatu tu. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni wala hamsemeshi ovyo. Kwa hiyo Kemuma alisimama nyuma ya ghala la wimbi. Obiero alisema kwa Kiswahili, Kemuma akamgeuzia mama mkwe wake, Bonareri, kwa Kigusii, na Bonareri akampelekea mumewe maneno yale yale, hatua nne kutoka pale, kana kwamba mzee hakuwa ameyasikia.

"Waambie nguruwe wao amekwisha," alisema Obiero. "Risasi hii ikimpata inamrusha kama gunia tupu. Atatua ng'ambo ya mto."

Nguruwe mwenyewe alikuwa dume la porini lililofukua viazi vitamu kwenye miteremko yote ya upande ule wa Ikonge. Majuma mawili kabla, jirani yao Nyamongo alimchoma mkuki, akadhani amemwua, akamfuata ndani ya matete. Alitolewa amebebwa, paja limepasuliwa hadi mfupani, akazikwa siku ya tatu. Tangu hapo kila mtu alijua: nguruwe mzima humkimbia mtu, bali aliyejeruhiwa humngoja. Chifu akaomba bunduki, akaletewa Obiero. Mzee Angwenyi, aliyetahiriwa mwaka mmoja na Nyamongo, alianza kunoa mkuki wake asubuhi na jioni.

Siku ile Obiero aliijaribu bunduki kwenye mgomba uliokwisha kuvunwa. Kemuma alichungulia. Mlio ulimfanya azibe masikio, lakini macho hakuyafumba. Aliona bega la Obiero likirudi nyuma na mguu wake mmoja ukisogea. Mgomba haukutikisika hata jani.

Watu walipoondoka, aliusogelea. Mbele palikuwa na tundu la kuingiza kidole. Nyuma palikuwa pamechanika, maji yakitiririka. Akausukuma kwa kiganja. Ukayumba. Akausukuma tena, maana hakuamini. Kiganja chake kimeuyumbisha mgomba ambao risasi imeutoboa bila kuutingisha.

"Unaupima ndizi za mwaka gani, shemeji?" Obiero alimwuliza kutoka nyuma.

Kemuma aliona haya, lakini swali lilikuwa limekwisha kumkaa ulimini. "Kaka, bunduki inakuuma bega?"

"Inasukuma kama mtu anayekupiga kikumbo sokoni Kebirigo. Unazoea."

"Na nguruwe itamsukuma namna hiyo hiyo?"

"Mara mia zaidi."

"Nguvu hizo nyingine inazipata wapi?"

Obiero alicheka. "Ungebaki shuleni ungewakimbiza walimu." Kisha akapunguza sauti. "Vitani nilikuwa dereva. Nimepiga shabaha za mbao, nguruwe bado. Hilo usiwageuzie."

Hakuwageuzia. Lakini alipokuwa akisaga wimbi, mikono ikienda mbele na kurudi, aliendelea kuliwaza jambo lile. Risasi imeanza safari begani kwa Obiero. Njiani hakuna mtu wa kuiongezea msukumo. Basi itafika na ule ule ilioondoka nao, pengine pungufu. Bega limerudi nyuma kidogo, mguu umesogea. Nguruwe ana uzito wa mtu mzima. Atarushwaje ng'ambo ya mto?

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado bondeni, nguruwe alitoka kwenye viazi. Obiero alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba, Kemuma nyuma yake na kikapu, mzee Angwenyi mbali upande wa chini na mkuki wake. Bonareri alibaki nyumbani kuwafunga mbwa.

Bunduki ikalia. Baada ya mlio, kidogo sana baada yake, Kemuma alisikia sauti nyingine: pa, kama nguo mbichi inayopigwa juu ya jiwe. Nguruwe alikunja mgongo, kisha akakimbia, akazama ndani ya matete.

"Nimekosa," alisema Obiero. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Ingempata angeanguka." Akampungia mzee mkono kwamba hapana, imekwenda bure.

Mzee Angwenyi alielewa mkono huo bila mkalimani. Nguruwe amekoswa, basi ni mzima, atavuka mto aende zake. Akaanza kuteremka kuelekea matete ili amfurushe.

"Imempata," alisema Kemuma.

"Wapi? Hukuona alivyokimbia?"

"Wewe umeanguka?"

"Mimi?"

"Bunduki imekusukuma, hukuanguka. Yeye ni mzito kama wewe na ana miguu minne. Kwa nini aanguke? Mimi nimeisikia ikiingia."

Obiero alimtazama, akaligusa bega lake mwenyewe, na Kemuma akaona jambo likimwingia. "Mzee," Obiero akaita, "mzee, ngoja. Rudi."

Mzee Angwenyi aliinua mkono kama mtu anayesalimiwa na mpita njia, akaendelea. Zilibaki hatua kumi afike kwenye matete.

Bonareri hakuwepo wa kupokezana naye maneno. Kama amekosea, Kemuma alijua, habari itafika Kebirigo kabla ya jua kuwa kali: mke wa Mogire amempigia baba mkwe kelele shambani kama anayefukuza ndege. Mumewe Mogire, aliyekuwa kazini Kericho, angeisikia kwa watu.

"Baba, simama," alipiga kelele kwa Kigusii. "Amepigwa. Anakungoja."

Mzee Angwenyi alisimama pale pale. Hakugeuka. Mgongo ukiwa bado umewaelekea, akarudi nyuma hatua kwa hatua, mkuki ukiwa umeelekezwa mbele.

Walingoja hadi ukungu ukaisha. Obiero alirusha mawe, hakuna kilichotikisika. Walipoingia, walimkuta nguruwe amelala, amekufa, hatua tano ndani ya matete, kichwa kikiielekea njia ambayo mzee angeipita.

Nyumba ya Angwenyi ilikuwa ya Wasabato, nyama ile hawakuigusa. Wakatoliki wa mlima wa pili walikuja na vikapu kabla nguruwe hajapoa, wakisema Mungu huwakumbuka wenye tumbo pana. Kemuma aliwaomba wamtafutie risasi tu. Waliikuta chini ya ngozi ya ubavu wa pili, imepasuka na kutanuka kama uyoga. Aliiosha damu, akaigeuza kiganjani. Ile ya kwenye mgomba ilipita ikaondoka na nguvu zake. Hii haikutoka; zote ilizimalizia ndani, mahali padogo, penye moyo.

Kufikia alasiri, Kemuma alikwisha kuzikunja nguo zake mbili, kwa kuwa alidhani atarudishwa kwao.

Jioni alikuwa jikoni akichochea moto aliposikia kigoda kikiwekwa nje, karibu na ukuta. Bonareri akaingia.

"Anauliza, kama haikumsukuma, imemwuaje."

Kemuma alieleza. Bonareri akatoka, akarudi. "Anauliza, mbona bega la yule mtu halikutoboka."

"Kwa sababu kitako cha bunduki ni kipana. Msukumo umetandazwa."

Bonareri akatoka, akarudi mara ya tatu, akachukua mtungi. "Mimi nina maji ya kuteka. Maswali yenu yamenichosha miguu."

Akaenda zake. Kisha sauti ya mzee ikasikika, taratibu, kama ya mtu anayeuuliza ukuta.

"Mshale ni mwepesi kuliko jiwe. Mbona huingia ndani zaidi?"

Kemuma aliinamisha macho, ingawa hakuna aliyemwona. "Nadhani ni ncha," aliuambia ukuta. "Lakini sina hakika. Ingefaa kujaribu."

Nje, kigoda kililia. Mzee alikuwa ameinuka, na Kemuma akamsikia akipekuapekua darini mwa nyumba yake, akiutafuta upinde wake.